Simu na vishikwambi vya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usimamizi na usalama

Ukurasa huu ni kwa biashara zenye simu kuanzia tano hadi mia mbili hivi: kampuni ya usambazaji, duka la jumla, kliniki, wakala wa bima, SACCOS. Mifano mingi ni ya Android, kwa kuwa ndizo simu zilizo mikononi mwa wafanyakazi wengi Afrika Mashariki. iPhone imetajwa pale inapotofautiana.

Kabla ya kununua mfumo wowote wa usimamizi (programu inayokuwezesha kuzidhibiti simu ukiwa mbali), jibu maswali matatu kwa kila simu: kifaa ni cha nani, laini imesajiliwa kwa jina la nani, na akaunti zilizomo ni za nani. Mara nyingi majibu ni ya watu watatu tofauti, na karibu kila balaa tunaloeleza hapa chini linaanzia hapo.

Tuna simu saba tu. Kweli tunahitaji mfumo wa kusimamia?

Si lazima mwanzoni. Lazima ni jedwali: aina ya simu, IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa: bonyeza *#06#, simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote), namba ya laini, jina ambalo laini imesajiliwa, akaunti ya Google iliyomo, anayeishika, na tarehe aliyokabidhiwa. Weka jedwali hilo mahali ambapo watu wawili wanaweza kulifikia bila kutumia simu iliyopotea.

Kama barua pepe zenu ziko Google Workspace (huduma ya ofisi ya kulipia ya Google), usimamizi wa msingi umekwisha washwa tayari: unaweza kudai kufuli la skrini na kuondoa akaunti ya kazi kwenye simu ukiwa mbali. Wengi wanaulipia kila mwezi bila kuugusa. Simu zikianza kukaribia kumi na tano, au wafanyakazi wakianza kuingia na kutoka mara kwa mara, jedwali peke yake halitoshi.

Wafanyakazi wanatumia simu zao wenyewe. Tunaweza kuzisimamia?

Simamia taarifa za kazi, si simu. Android ina kitu kinachoitwa wasifu wa kazini, kilichopo tangu Android 5.0. Ni eneo lililotengwa ndani ya simu, lenye programu zake, majina yake ya simu na mafaili yake. Programu za kazini huonekana na alama ndogo ya mkoba. Kampuni ikifuta, inafuta eneo hilo tu. Picha za harusi na ujumbe wa familia haviguswi.

Mfanyakazi huwekewa hivi: anapakua programu ya mfumo wenu kutoka Play Store, anaingia kwa akaunti ya kazi, anakubali kuundwa kwa wasifu, kisha programu za kazi zinajishusha zenyewe. Tenga nusu saa kwa kila mtu na umpe Wi-Fi ya ofisi. Kuzipakua programu hizo kwa bando lake mwenyewe ni njia ya haraka ya kumfanya auchukie mpango mzima.

Faida kubwa isiyosemwa sana iko kwenye majina ya wateja. Programu nyingi za mikopo ya mtandaoni huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, na mkopaji akichelewa, watu waliomo kwenye orodha hiyo huanza kupigiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ofisa mauzo wako akiwa na moja kati ya hizo na wateja wako wote wamo kwenye majina yake ya kawaida, wateja hao wamekwisha chukuliwa. Wakiwa ndani ya wasifu wa kazini, programu iliyo upande wa binafsi haiwasomi. Lakini lazima awahifadhi huko, kwa hiyo mfundishe kwa vitendo: fungua programu ya majina yenye mkoba, ongeza mteja, angalia tena.

Bosi ataona nini kwenye simu yangu?

Kwenye wasifu wa kazini wa simu yako binafsi, msimamizi anaona programu zilizo ndani ya wasifu huo, aina ya simu, toleo la Android, tarehe ya sasisho la usalama, na kama masharti ya kufuli yametimizwa. Haoni picha, SMS, simu ulizopiga wala programu zako binafsi. Kuanzia Android 12 hata IMEI haipati.

Kwenye simu ya kampuni inayosimamiwa yote, hali ni nyingine: msimamizi anaona programu zote na anaweza kufuta kila kitu. Mweleze mfanyakazi tofauti hii kwa maandishi siku ya kumkabidhi, naye asaini. Anayefichwa jambo hili atakapoligundua atatafuta njia ya kuukwepa mfumo, na kwa haki.

Tunasajilije simu za kampuni?

Simu lazima iwe mpya, au imerudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna njia ya mkato: simu iliyokwisha wekewa akaunti na kufika skrini ya mwanzo haiwezi kugeuzwa kuwa ya kusimamiwa yote mpaka ifutwe.

1. Kwenye mfumo wenu, tengeneza msimbo wa QR wa kusajili.
2. Washa simu. Kwenye skrini ya kwanza ya kukaribishwa, gusa sehemu tupu mara 6 mahali pamoja. Kamera ya kusoma QR itafunguka.
3. Soma msimbo, unganisha Wi-Fi, subiri. Kulingana na mtandao, ni dakika 10 hadi 25.
4. Weka PIN, hakikisha programu zote zimeshuka, kisha angalia kwenye mfumo kama simu imeonekana kabla ya kumkabidhi mtu.

Ikikataa, anza na tarehe na saa. Simu iliyokaa kwenye boksi miezi mingi inaweza kuwa na tarehe ya zamani, na vyeti vya usalama vya seva vinakataliwa kwa sababu hiyo tu. Pili, angalia Wi-Fi: mtandao unaotaka ufungue ukurasa kwanza ndipo ukubali masharti mara nyingi hukwamisha usajili. Tatu, msimbo wenyewe unaweza kuwa umeisha muda.

Tahadhari moja: msimbo wa QR unaweza kubeba jina na nenosiri la Wi-Fi yenu. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp.

Je, simu za mkopo zinafaa?

Kwa usimamizi kamili, kwa kawaida hapana. Simu ya kulipia kidogo kidogo mara nyingi huja na programu ya mkopeshaji yenye uwezo wa kuifunga malipo yakichelewa, na mara nyingi programu hiyo ndiyo inayoshika nafasi ya msimamizi wa kifaa. Android inakubali msimamizi mmoja tu wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, simu ya kazi inayoweza kufungwa na mtu wa nje katikati ya mauzo si ya kutegemewa. Kama mfanyakazi anayo yake, jaribu wasifu wa kazini. Wasifu huo ukikataa, mpe huduma za kazi kupitia kivinjari.

Tununue simu gani?

Usianze na kamera. Angalia kwanza kama imeidhinishwa na Play Protect, ulinzi wa Google wa simu za Android (Play Store, Mipangilio, Kuhusu). Simu isiyoidhinishwa haitasajiliwa ipasavyo, na simu bandia huanguka hapa. Simu za Huawei zisizo na huduma za Google nazo haziingii katika mpango huu wa Android. Kisha angalia tarehe ya sasisho la usalama: simu "mpya" yenye sasisho la miaka miwili nyuma itabaki hivyo.

RAM ya GB 4 ndiyo kiwango cha chini tunachopendekeza. Simu za Android Go, zilizotengenezwa kwa RAM ndogo, nyingi hazikubali wasifu wa kazini. Toleo la mfumo nalo lina mipaka: Intune, mfumo wa usimamizi wa Microsoft, kwa mfano, inataka Android 10 au zaidi kwa simu zinazosajiliwa kwa akaunti ya mfanyakazi.

Nunua moja kwanza. Isajili, ifute ukiwa mbali, isajili tena, iache siku tatu mfukoni mwa mtu wa mauzo. Ndipo uagize ishirini.

Na iPhone?

Mambo mawili yanaangusha wengi. La kwanza ni cheti cha Apple cha kusukuma ujumbe, ambacho bila hicho mfumo wenu hauwezi kuongea na iPhone yoyote. Kinadumu mwaka mmoja, na lazima kihuishwe kwa akaunti ileile ya Apple iliyokiomba. Kikiombwa kwa barua pepe binafsi ya fundi na fundi akaondoka, mtalazimika kusajili simu zote upya. Tumia anwani ya ofisi, na uweke ukumbusho siku 30 kabla.

La pili ni kufuli la uamilishaji (Activation Lock), linaloifunga iPhone kwa akaunti ya iCloud iliyoingizwa. Mfanyakazi akiingiza iCloud yake kwenye iPhone ya kampuni kisha akaondoka bila kuitoa, simu hiyo ni kopo. Ikiwa imeingizwa Apple Business Manager (tovuti ya Apple ya kampuni kusajili vifaa vyake) na kusimamiwa ipasavyo, kampuni inaweza kulifungua yenyewe.

WhatsApp ya biashara iko kwenye simu ya mfanyakazi. Hatari iko wapi?

Kwenye laini kuliko kwenye simu. Anayeshika laini anapokea namba ya uthibitisho, na anayepokea namba hiyo anaichukua WhatsApp nzima. Kama wateja 2,000 wanaijua biashara yako kwa namba iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kijana wa mauzo, namba hiyo ni yake, hata kama bando unanunua wewe.

Sajili laini kwa jina la kampuni. Kama tayari ni ya mtu, hamisha umiliki mkiwa bado mnaelewana. Mwende pamoja kwenye duka la mtandao. Kisha:

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, PIN ya tarakimu 6, na barua pepe ya kurejesha iwe ya ofisi. Asiye na PIN hiyo hulazimika kusubiri siku 7, muda wa kutosha kwenu kushtuka na kuirudisha namba.

Kagua "Vifaa vilivyounganishwa" kila Jumatatu. WhatsApp huruhusu hadi vifaa vinne zaidi ya simu kuu. Kompyuta ya mtu aliyekwisha ondoka ikiwa bado imo, anasoma kila oda. Ujue pia kwamba simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa hutolewa vyote. Ndiyo sababu kaunta hujikuta imekatwa ghafla wakati simu kuu imefungiwa droo.

Nakala rudufu ndilo shimo linalosahaulika. Kwenye Android huenda Google Drive ya akaunti iliyochaguliwa, mara nyingi ile binafsi. Chagua akaunti ya kazi na uwashe usimbaji wa nakala kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Ufunguo huo ukipotea hakuna wa kuurudisha, kwa hiyo uandikwe na ufungiwe kabatini.

Kuhusu GB WhatsApp na ndugu zake: zikataeni kabisa. Ni programu zilizobadilishwa na watu wasiojulikana, hazipiti Play Store, na WhatsApp hufungia namba zinazozitumia. Namba ya biashara kufungiwa ni hasara kuliko faida yoyote ya kubadilisha rangi.

Laini ya kupokea malipo tuilindeje?

Usiiweke kwenye simu inayozunguka mitaani. Laini inayobeba pesa au namba za uthibitisho za benki ikae kwenye kitochi kinachobaki ofisini, na wa mauzo watumie laini nyingine.

Weka PIN ya laini yenyewe, tofauti na kufuli la skrini. Bila hiyo, mwizi anaichomoa laini, anaitia kwenye simu nyingine na kuanza kupokea namba za uthibitisho, hata kama simu yako imefungwa kwa alama ya kidole. Kabla ya kuiwasha, tafuta PIN ya mwanzo kwenye kadi iliyokuja na laini. Ukikosea mara 3 itadai PUK, namba ya kuifungulia laini. Ukikosea PUK mara 10 laini imekufa.

Tanzania, bonyeza *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wakurugenzi na wahasibu wafanye hivyo angalau kila robo mwaka.

Na popote inapowezekana, hamisha uthibitishaji wa barua pepe na mifumo ya ofisi kutoka SMS kwenda programu ya uthibitishaji, ili laini ikiibwa isiondoke na kila kitu.

Simu imeibwa sasa hivi. Tuanze na nini?

Mpangilio una maana. Amri ya kufunga au kufuta simu hupita kwenye intaneti. Ukiifungia laini kwanza, simu inakosa data na amri inabaki inasubiri. Kwa hiyo, kama laini haina pesa:

Tuma amri ya kufunga simu kutoka kwenye mfumo. Ni dakika moja. Papo hapo pigia mtandao wa simu ufunge laini. Kisha ondoa akaunti ya mfanyakazi kwenye vifaa vyote na ubadilishe nenosiri lake. Pata laini mbadala, isajili WhatsApp kwenye simu nyingine. Hapo ile ya zamani hutoka yenyewe. Mwisho, tuma amri ya kufuta; kwa kuwa laini imefungwa, itasubiri mpaka simu ipate Wi-Fi. Ukishafuta huwezi tena kuifuatilia simu ilipo, lakini kwa taarifa za wateja hatupendekezi kuchelewesha kufuta zaidi ya saa chache kwa matumaini ya kuipata.

Kama laini ina pesa, pesa kwanza: watu wawili wafanye kwa pamoja, mmoja kwenye mfumo na mmoja akiongea na mtandao. Ukiwa peke yako, anza na mtandao.

Baadaye nenda polisi, upate namba ya RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya. Bima wataidai. Peleka IMEI kwa mtandao ili simu ifungiwe isitumike.

Jambo la kuandaa kabla: weka kwenye mfumo akaunti za Google za kampuni ambazo simu itazidai ikifutwa. Simu inayosimamiwa yote mara nyingi haina akaunti binafsi ya Google, hivyo mwizi akiifuta kwa vitufe vya pembeni inaweza kuwaka kama mpya. Ukiwa umeweka akaunti hizo, itadai moja kati yake.

Simu ipo na inafanya kazi, lakini mfumo unaonyesha haijaonekana wiki mbili. Kwa nini?

Mara nyingi ni betri. Watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili chaji idumu, na ya usimamizi huuawa pamoja nazo. Nenda Mipangilio, Betri, iondoe programu hiyo kwenye vizuizi, na kama kuna orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha, iweke humo. Fanya hivyo siku ya kusajili.

Tatizo la kufanana nalo ni programu zisizosasishwa. Kwa kawaida, Google Play ya kazini husasisha simu ikiwa kwenye Wi-Fi, inachajiwa, na programu haitumiki. Simu ya msambazaji inayoishi kwa bando na kuchajiwa nyumbani kwake haitimizi masharti hayo hata siku moja, na unaweza kuikuta na toleo la mwaka uliopita. Suluhisho ni mawili: zipe programu muhimu kipaumbele cha juu kwenye mfumo ili zisasishwe mara moja, au fanya Ijumaa jioni kuwa muda wa simu zote kuchajiwa ofisini kwenye Wi-Fi kwa saa moja.

Masharti gani tuanze nayo?

PIN ya tarakimu 6, skrini ijifunge baada ya dakika 2, simu ijifute baada ya makosa 10 (kwa simu za kampuni tu, na kama kuna watoto nyumbani fikiria 15), marufuku kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store, na simu iliyovunjwa ulinzi wa mfumo wake (root) isipate barua pepe. Inatosha kwa miezi mitatu ya kwanza. Usilazimishe PIN kubadilishwa kila mwezi. Watu huishia 123456 na mwaka wa kuzaliwa.

Kwa programu, tumia orodha ya zinazoruhusiwa. Faili la APK (la kusakinisha programu) linalotumwa WhatsApp kwa jina la benki au mamlaka ya kodi ni mtego wa kawaida. Ruhusa ya kuogopwa kuliko zote ni ile ya ufikivu, iliyokusudiwa kuwasaidia watu wenye ulemavu: programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako, pamoja na ndani ya programu ya benki.

Inawezekana kulinda programu bila kusajili simu?

Ndiyo. Kwa Outlook, Teams na OneDrive, Intune inaweza kudai PIN ya programu, kuzuia kunakili maneno kwenda WhatsApp, na kufuta taarifa za kazi tu. Kwenye Android, programu ya Company Portal, ambayo Intune huitegemea, lazima iwepo hata kama simu haijasajiliwa. Wengi wanaiondoa wakidhani haina kazi, kisha barua pepe inagoma. Njia hii inafaa sana kwa washauri na wajumbe wa bodi.

Kishikwambi cha kaunta je?

Kisajili kama kifaa cha kazi moja, kifunguke kwenye programu ya mauzo tu. PIN ya kutoka ajue msimamizi wa duka, si kila zamu. Kikikaa kwenye chaja saa 24 betri huvimba baada ya muda. Kama kina mpangilio wa kuishia 80%, uwashe.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria ya 2019. Uvujaji wenye hatari kwa wahusika unaripotiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Rwanda, kwa sheria ya 2021, ni saa 48. Simu iliyopotea yenye majina ya wagonjwa inaweza kuwa uvujaji. Ushahidi kwamba ilikuwa imefungwa na amri ya kufuta ilipokelewa unabadilisha mengi, kwa hiyo hifadhi kumbukumbu za mfumo.

Gharama?

Angalia kwanza unacholipia. Microsoft 365 Business Premium, kwa biashara za hadi watumiaji 300, ina Intune ndani yake, na leseni moja ya Intune hubeba hadi vifaa 15 vya mtumiaji. Headwind MDM ina toleo huria la bure kwa Android, ila unahitaji seva na mtu wa kuitunza. Bila mtu huyo, ya kulipia ni nafuu zaidi.

Kwa vyovyote, wawepo wasimamizi wawili, kila mmoja na akaunti yake.

Mfanyakazi anaondoka, au tunauza simu za zamani. Tufute vipi?

Anayeondoka: fungia akaunti kabla hajatoka mlangoni, toa vifaa vyote vilivyoingia, futa wasifu wa kazini au pokea simu, mwondoe kwenye mifumo ya malipo, chukua laini. Simu mpokee ikiwa imewashwa na imefunguliwa, mbele yake, aondoe mwenyewe akaunti yake ya Google au iCloud. Ukiifuta kwa vitufe akaunti ikiwa bado imo, itadai nenosiri la mtu ambaye huenda hapokei tena simu zako.

Za kuuza: ondoa akaunti, toa laini na kadi ya kumbukumbu, futa kupitia Mipangilio, kisha iondoe kwenye mfumo wa usimamizi na, kama muuzaji aliisajili kwa kampuni yenu tangu dukani au iko Apple Business Manager, huko pia. Hatua hiyo ya mwisho ikirukwa, mnunuzi akiiwasha itajisajili upya kwa kampuni yenu. Iwashe mpaka skrini ya kukaribishwa, unganisha Wi-Fi, na uhakikishe haidai akaunti ya zamani wala haitaji jina la kampuni kabla ya kuirudisha kwenye boksi.